Rangi Kupotea Si Ugonjwa Kupona

(Hotuba kwa wajumbe wa vikundi vya kujisaidia vinavyopanda na kuuza mitishamba. Tumeiandika karibu kama ilivyosemwa, pamoja na maswali ya wasikilizaji.)



 Najua wengine mmetembea tangu alfajiri, na wengine mmeacha palizi shambani. Kwa hivyo sitawachosha kwa maneno mengi ya kujipamba. Kamati imeniomba nizungumze juu ya dawa za mitishamba na vipimo vya maabara. Nitaanza na kisa kimoja, kwa sababu kisa hicho ndicho kilichonilazimisha kujifunza haya nitakayowaambia.

Miaka michache iliyopita, kikundi kimoja ninachokitembelea kilikuwa kikikausha majani ya mwarobaini na ya mlonge, kuyasaga, na kuyauza sokoni katika pakiti ndogo. Kazi ilikwenda vizuri. Pesa zililipa karo ya watoto kadhaa na kununua tangi la maji. Siku moja akaja mwanafunzi wa chuo, akaomba majani ayapime. Tukampa. Baada ya miezi akaleta karatasi. Ilikuwa ya Kiingereza kigumu, nasi tulielewa jambo moja tu: kwamba majani yetu yana nguvu kubwa ya antioksidanti.

Jamani, furaha ilikuwa kubwa! Katibu akachukua kalamu, na kwenye pakiti mpya yakaandikwa maneno haya: "Imepimwa maabarani. Inatibu sukari, presha na kansa." Mimi nilikuwepo. Nilipiga makofi pamoja na wengine. Nasema hivi mbele yenu kwa sababu si haki kuwalaumu wanakikundi peke yao. Mimi ndiye niliyesomea kazi ya jamii, na siku hiyo sikuuliza swali hata moja.

Mama mmoja wa jumuiya yetu, aliyekuwa na ugonjwa wa sukari kwa miaka mingi, alinunua pakiti hiyo. Aliposoma kwamba imepimwa, akaweka vidonge vya hospitali kando. Vidonge vilikuwa ghali, na pakiti ilikuwa rahisi. Wiki zikapita. Kidonda kidogo cha mguuni kikakataa kupona, kikavimba, naye akaanza kuchanganyikiwa. Tukambeba usiku hadi hospitali. Mungu ni mwema, yuko hai hata leo. Lakini alikatwa vidole viwili vya mguu.

Nilipokwenda kumwona wodini hakunigombeza. Aliniuliza tu: "Mwanangu, ile karatasi ilisema nini hasa?"

Sikuwa na jibu. Yeye mwenyewe amenikubalia niwasimulie, bila kutaja jina lake. Na leo nataka kuwapa ninyi lile jibu nililoshindwa kumpa siku ile.

ANTIOKSIDANTI NI KITU GANI?

Tuanze jikoni. Ukimenya kiazi na kukiacha mezani, baada ya muda kinakuwa cheusi. Ukikata avokado, nyama yake inageuka rangi. Ukiacha jembe nje, linashika kutu. Mafuta yaliyokaa muda mrefu yanachacha na kunuka. Mambo haya yote ni ndugu. Oksijeni iliyo katika hewa imeyashika na kuyabadilisha. Sasa kamua ndimu juu ya avokado uliyoikata. Itakaa muda mrefu zaidi kabla ya kugeuka. Ukali wa ndimu unasaidia, lakini pia ndani ya ndimu mna vitamini C, nayo vitamini C ni antioksidanti. Maana yake ni kitu kinachozuia au kupunguza kazi hiyo ya kuharibu.

Ndani ya mwili pia mna kazi kama hiyo. Mwili unatumia oksijeni kuchoma chakula na kupata nguvu. Katika kuchoma huko hutokea chembe ndogo sana zinazoitwa radikali. Radikali ni kama mtu aliyepoteza kiatu kimoja. Hatulii. Anamnyang'anya jirani kiatu chake, na yule aliyenyang'anywa naye anamgeukia mwingine, mpaka ugomvi unaenea soko zima. Antioksidanti ni kama mtu mwenye viatu vya akiba. Anatoa kimoja, na ugomvi unakwisha. Moshi wa sigara unaongeza radikali mwilini.

Lakini sikilizeni vizuri. Radikali si adui kila wakati. Askari wa damu yetu, zile chembe nyeupe, huzitumia radikali kuua vijidudu. Tena mwili una walinzi wake wenyewe wa kuzipunguza zikizidi. Kwa hiyo mtu asiwaambie kwamba kazi ya dawa ni kuzimaliza radikali zote. Mwili unataka kiasi.

MAABARA HUFANYA NINI?

Baada ya kisa kile nilimwomba mwalimu mmoja wa kemia anionyeshe kipimo chenyewe. Nitawaeleza kama nilivyoona.

Kwanza majani hukaushwa na kusagwa. Kisha unga huo hulowekwa katika maji, au mara nyingi katika spiriti inayoitwa methanoli. Huchujwa, na ile spiriti hutolewa mpaka ibaki dondoo, yaani ile nguvu ya mmea iliyotoka. Dondoo hupimwa kwa mizani ndogo sana na kutengenezwa kwa viwango mbalimbali, kuanzia hafifu hadi kali.

Halafu huja dawa ya rangi inayoitwa kwa kifupi DPPH. Kipimo cha kutumia DPPH kilielezwa na mtaalamu Marsden Blois mwaka wa 1958, na bado kinatumika duniani kote. Dawa hii ni radikali iliyotengenezwa na watu, na ina rangi nzito ya zambarau. Ukiichanganya na dondoo yenye antioksidanti, ule ugomvi wa viatu unatulia, na zambarau inafifia na kuwa manjano. Chupa huwekwa gizani, kwa kawaida nusu saa, kisha mashine inapima mwangaza unaopita ili kujua rangi imepotea kiasi gani. Pembeni huwekwa vitamini C safi ili kulinganisha.

Mwishowe hupatikana namba. Namba hiyo inasema ni kiasi gani cha dondoo kinachohitajika ili nusu ya kazi ya ile DPPH izimwe. Hapa wengi wetu huteleza. Tunadhani namba kubwa ndiyo nguvu kubwa. Sivyo! Dondoo moja ikihitaji mikrogramu 10 na nyingine ikihitaji mikrogramu 200 kufanya kazi ileile, yenye nguvu zaidi ni ile ya 10. Ni kama pilipili. Ile kali unatia kidogo.

Kipimo hiki ni cha haraka, na si ghali kama vingine. Ndiyo sababu wanafunzi wengi hukichagua. Wala si kibaya. Ubaya ni kukipa maneno ambayo hakikuyasema.

TUJARIBU WENYEWE

(Hapa msemaji alifanya jaribio mezani. Vikundi vinaweza kulirudia.)

Chukua maji yaliyochemshwa na unga kidogo wa mahindi, uyaache yapoe, na uchuje. Tia kwenye glasi mbili. Dondosha matone machache ya aidini, ile dawa ya kahawia ya kupaka kidonda inayouzwa dukani. Mnaona, maji yamekuwa bluu nzito, karibu nyeusi. Sasa kwenye glasi moja kamua ndimu au chungwa, tone kwa tone, huku ukikoroga. Angalieni! Rangi inakwisha. Ndimu isipotosha, saga kidonge cha vitamini C utie.

Hii si DPPH, lakini mwendo wake unafanana. Antioksidanti imetoa, aidini imepokea, rangi imekwenda. Msinywe maji haya, na watoto wasiyaguse. Yamwageni chooni.

Basi niwaulize. Katika glasi hii, ni mgonjwa gani aliyepona?

(Watu walicheka. Mzee mmoja akajibu, "Hakuna.")

Hakuna. Rangi imepotea. Hilo ndilo jibu la yule mama wodini. Karatasi ilisema rangi ilipotea chupani. Haikusema sukari yake imeshuka, wala haikumtaja binadamu hata mmoja.

Na jambo jingine. Chai ya majani mnayokunywa kila asubuhi hupoteza ile rangi ya DPPH. Kahawa pia, majani ya mpera pia. Mimea mingi yenye uchungu na ukakasi hufanya hivyo, kwa sababu ya vitu vinavyoitwa polifenoli. Hata majani ya tumbaku yana polifenoli hizo. Je, kuna mtu hapa atakayeandika kwenye sigara kwamba imepimwa maabarani na inaponya mapafu?

MAMBO MATANO AMBAYO KIPIMO HAKISEMI

Kwanza, hakisemi kama ile nguvu inafika kwenye damu. Chupa haina tumbo wala ini. Sehemu kubwa ya polifenoli tunazokula haipiti kwenye utumbo kuingia damuni, na zile zinazopita hubadilishwa na ini, kisha nyingi hutoka na mkojo.

Pili, hakisemi ni ugonjwa gani unaotibiwa. Kwa ugonjwa wa sukari unapima sukari ya damu, na kwa presha unapima presha.

Tatu, hakisemi kipimo cha kunywa. Kijiko kimoja au vitatu? Mara ngapi? Kwa mtu mzima au kwa mtoto?

Nne, hakisemi kama mmea ni sumu. Chupa haina mimba, haina figo. Mafuta ya mbegu za mwarobaini yana sifa nyingi, lakini yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa.

Tano, hakisemi habari za pakiti yako. Kilichopimwa ni dondoo ya methanoli, nayo methanoli ni sumu, hainyweki. Mteja wako anachemsha kwa maji. Vitu vinavyotoka kwa methanoli si lazima vitoke kwa maji ya moto. Tena majani yaliyopimwa yalichumwa siku fulani. Yale unayouza leo labda yamekaa kwenye gunia miezi minane.

HATA WATAALAMU WAMEWAHI KUTELEZA

Msifikiri ni sisi wa kijijini tu tuliodanganyika. Huko Finland wataalamu waliona kwamba watu wanaokula mboga na matunda kwa wingi hawapati sana kansa ya mapafu. Wakafikiri sababu yake ni beta-karotini, ile rangi ya karoti, ambayo ni antioksidanti. Wakawachukua wanaume wavutao sigara 29,133, wakawagawa, wengine wakapewa vidonge vya beta-karotini na wengine vidonge visivyo na kitu. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 1994. Waliokula beta-karotini walipata kansa ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Zaidi, si pungufu!

Huko Marekani uchunguzi mwingine wa watu 18,314, wengi wao wavutaji, ulisimamishwa Januari 1996 kabla ya wakati wake, kwa sababu waliopewa beta-karotini pamoja na vitamini A walikuwa wakipata kansa ya mapafu kwa asilimia 28 zaidi.

Mwaka wa 2012, Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa orodha yake ya vyakula iliyoonyesha nguvu ya antioksidanti, kwa kuwa wauzaji walikuwa wakiitumia vibaya katika matangazo, na namba za chupani hazikuonyesha faida mwilini.

Maana yake tuache mboga? Hasha! Sukuma wiki, managu, terere, saga, karoti, mapera na machungwa ni chakula kizuri, na watu wanaovila wana afya zaidi. Chakula kina vitu vingi vinavyosaidiana. Ukichomoa kimoja na kukitia kwenye kidonge au pakiti, huwezi kuahidi kwamba kitafanya kazi ileile.

NJIA NDEFU NDIYO NJIA

Sasa nisiwaache na huzuni. Mitishamba imetoa dawa za kweli. Huko China, mama mmoja mtaalamu, Tu Youyou, alitafuta dawa ya malaria katika vitabu vya kale vya waganga. Akaona mmea wa Artemisia annua. Alipoutoa kwa joto, nguvu haikuonekana vizuri. Akarudi kusoma, akaona kwamba mganga wa zamani hakuuchemsha, aliuloweka katika maji. Akabadilisha njia, akatumia joto dogo, na nguvu ikaonekana. Kisha wakajaribu kwa wanyama, halafu yeye na wenzake wakajitolea kuinywa kwanza wao wenyewe, ndipo wakawapa wagonjwa. Ile ilikuwa miaka ya 1971 na 1972. Mwaka wa 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Dawa za malaria tunazopewa zahanati leo zimetokana na kazi hiyo. Na hata hivyo Shirika la Afya Duniani halikubali watu watumie chai ya mmea huo badala ya vidonge, kwa sababu kikombe hakina kipimo cha hakika.

Mnaona hatua zilivyo? Mmea, dondoo, wanyama, watu wachache, watu wengi, kipimo kamili. Kile kipimo cha rangi ni hatua ya mlangoni. Sisi tulisimama mlangoni tukasema tumefika kitandani.

Na hapa kwetu Kenya kuna mfano mzuri. Karibu na msitu wa Kakamega, wakulima wa kikundi cha Muliru, wakisaidiwa na taasisi ya utafiti ya icipe, walianza kupanda mmea wa asili wenye harufu kali, Ocimum kilimandscharicum, kwenye mashamba yao badala ya kuuharibu msitu. Wanakamua mafuta yake na kutengeneza marashi ya kupaka yaitwayo Naturub, kwa mafua, maumivu ya mwili na kuumwa na wadudu. Hawakusema inatibu kansa. Walisema kile kinachoweza kusemwa, wakafuata utaratibu, na mwaka wa 2010 wakapata Tuzo ya Equator inayosimamiwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa.

SASA TUFANYE NINI?

Ninyi mmezoea: kuona, kuamua, kutenda. Tumeona. Tuamue na kutenda.

1. Jueni jina kamili la mmea. Majina ya kienyeji hugongana. Kuna mti wa Melia azedarach ambao watu wengine huuita pia mwarobaini, na matunda yake ni sumu kwa watu na mifugo. Pelekeni tawi lenye majani na maua kwa mtaalamu wa mimea. Pale Makumbusho ya Kitaifa, Nairobi, kuna Hifadhi ya Mimea ya Afrika Mashariki, ambako mimea hutambuliwa.

2. Wekeni daftari. Andikeni tarehe ya kuchuma, shamba, sehemu ya mmea, kama mlikausha kivulini au juani, na lini mlisaga. Bila daftari hata maabara haiwezi kuwasaidia.

3. Kitumieni kipimo cha rangi kwa kazi yake. Kinaweza kuwaonyesha kama unga wa kivulini unashinda wa juani, au kama unga wa mwaka mzima umepungua nguvu kuliko wa mwezi uliopita. Hiyo ni faida kubwa kwa ubora wa mali yenu.

4. Chungeni maneno ya pakiti. Ukisema inatibu, umeiita dawa. Dawa ya mitishamba ya kuuzwa inapaswa kuandikishwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Chakula nacho kina utaratibu wake wa KEBS. Ulizeni kabla ya kuchapisha, si baada ya kukamatwa.

5. Msimwambie mgonjwa yeyote aache dawa ya hospitali. Mwambieni amweleze daktari au muuguzi anakunywa mitishamba gani, bila kuona haya.

6. Msiue mti kwa tamaa. Muiri, ambao wataalamu huuita Prunus africana, ulivuliwa magamba kwa ajili ya soko la Ulaya hadi ukawekwa, tangu 1995, katika orodha ya mimea ambayo biashara yake ya kimataifa inasimamiwa. Ukichukua magamba kuzunguka shina lote, mti unakufa. Pandeni kabla ya kuvuna.

MASWALI YA WASIKILIZAJI

Mzee mmoja aliuliza: "Mwalimu, babu zetu walitumia miti hii bila maabara na walipona. Unataka tuitupe?"

Hapana, mzee wangu. Ujuzi wa babu ndio mwanzo. Hata yule mama wa China alianzia kwenye kitabu cha mganga. Lakini babu alimjua mgonjwa wake. Alijua ni mtoto wa nani, anaumwa nini, ana mimba au hana. Alichuma mwenyewe na kupima kwa mkono wake, na kesho yake alirudi kumwangalia. Pakiti ya sokoni haimjui mtu. Inapanda matatu na kwenda mahali ambapo wewe hutafika. Ndiyo maana maneno yaliyoandikwa juu yake yanapaswa kuwa ya kweli kuliko hata ya mdomoni. Tena Kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kinatufundisha kwamba Mungu ndiye aliyetoa dawa ardhini na ndiye aliyemweka tabibu. Vyote viwili ni vyake. Tusivigombanishe.

Mama mmoja aliuliza: "Tukiondoa maneno ya kutibu, wateja si watakimbia?"

Mama, sitakudanganya. Kile kikundi kilipofuta maneno yale mauzo yalishuka, na wengine walikasirika nami. Wanachama wawili waliondoka. Sasa wanauza mlonge kama mboga kavu ya kutia kwenye mchuzi na uji, na pakiti inasema hivyo tu. Mlonge una protini na vitamini, hilo ni kweli na halihitaji chumvi. Mwarobaini wanautumia wenyewe shambani kuzuia wadudu. Pesa si nyingi kama zamani. Lakini wanalala usingizi. Na yule mama aliyekatwa vidole ni mteja wao hadi leo. Ananunua mlonge wa mchuzi, na vidonge vyake anameza.

Kijana mmoja aliuliza: "Mwanafunzi mwingine akija kutafuta majani, tumfukuze?"

La, msimfukuze. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na yule wa kwanza hakutudanganya. Karatasi yake ilisema kweli, sisi ndio tuliosoma vibaya. Ila mkaribisheni kwa maswali. Mwulizeni: Una kibali cha utafiti cha NACOSTI? Unapima nini, na kipimo hicho hakisemi nini? Utarudi kutueleza matokeo kwa Kiswahili? Ujuzi wa wazee wetu utauandika kwa jina la nani? Na kukipatikana faida, tutagawanaje? Maswali haya si utovu wa adabu. Katiba ya 2010 inaitaka serikali kulinda ujuzi wa jamii kuhusu mimea yake. Mwaka wa 2016 ikapitishwa sheria ya kulinda ujuzi wa kiasili. Nayo Kenya imo katika Mkataba wa Nagoya, unaotaka anayechukua mali ya asili apate ruhusa na agawane faida. Andikeni makubaliano, kila upande uweke sahihi, na nakala moja ibaki kwenye faili ya kikundi.

MANENO YA MWISHO

Ndugu zangu, mteja anayenunua pakiti yako hana maabara. Ana macho yake na imani yake kwako. Yule mama hakuamini majani. Aliamini neno "imepimwa", na aliliamini kwa sababu lilitoka kwa watu anaosali nao Jumapili. Alilipa kwa vidole viwili.

Mkirudi nyumbani leo, toeni pakiti zenu mezani, kila kikundi, na msome maneno yaliyo juu yake kwa sauti. Kwa kila neno ulizeni: Hili tunalijua, au tunalitamani? Lile tunalotamani lifuteni.

Mungu awabariki, na mwende salama kabla ya mvua.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi:

1. Je, kuna mtu katika kijiji chetu aliyeacha dawa ya hospitali kwa sababu ya mitishamba? Tunaweza kumsaidiaje bila kumwaibisha?

2. Pakiti au chupa zetu zinasema nini? Ni maneno gani tunaweza kuyathibitisha?

3. Ni mmea gani tunaovuna porini ambao tunaweza kuanza kuupanda msimu huu? Nani atatunza miche?

4. Nani katika kikundi atashika daftari la kuchuma na kukausha?